Sikio hutangulia, jicho hufuata: jinsi ubongo unavyopatanisha tunachoona na tunachosikia

Simama mita 150 kutoka kwenye nyumba inayoezekwa, umtazame fundi aliye juu ya paa. Nyundo inashuka, inagonga bati, inaanza kupanda tena, ndipo mlio unakufikia. Sogea hadi chini ya ukuta wa nyumba hiyo hiyo na mambo yanabadilika: pigo na mlio vimekuwa tukio moja, wala huwezi kusema kipi kilitangulia.

Sababu ya kwanza tuliifundishwa shuleni. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, sauti hewani ni mita 340 tu. Kwa mita 150 sauti inachelewa karibu nusu sekunde, na huo ni muda ambao yeyote ataung'amua. Lakini ukiendelea na hesabu hiyo unakutana na swali gumu. Sauti huchelewa kiasi cha milisekunde 3 kwa kila mita moja (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Mtu akikuita akiwa mita kumi, sauti yake iko milisekunde 30 nyuma ya midomo yake. Mbona hatuoni midomo na maneno vikipishana, kila siku, kwa kila mtu?

Tena hilo ni nusu tu ya tatizo. Ndani ya kichwa mambo yanageuka: sikio ndilo lenye haraka, na jicho ndilo linalokawia. Kwa hiyo nje mwanga unaongoza, ndani sauti inaongoza, na bado sisi tunaishi katika dunia ambamo mlango unapobamizwa tunauona na kuusikia kwa mara moja. Ubongo una kazi ya kupatanisha taarifa hizi mbili, na namna unavyoifanya kazi hiyo ndiyo inayoeleza mambo mengi ya ajabu kuhusu kuona na kusikia kwetu. Tuanze na huyu mchelewaji.

Kwa nini jicho linakawia

Zamani wapo waliodhani jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, aliipinga hoja hiyo kwa majaribio na hesabu: mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Leo tunaijua safari nzima. Mwanga hupita kwenye konea, ukapenya mboni, ukakusanywa na lenzi na kutua kwenye retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho.

Retina ina aina mbili kuu za seli za kupokea mwanga. Seli fimbo, zaidi ya milioni 90 katika kila jicho, hufanya kazi penye giza na hazitambui rangi. Seli koni, milioni 6 hivi, ni za mchana na za rangi, na zimesongamana zaidi katikati ya retina, mahali unapoelekeza jicho unaposoma maneno haya.

Ndani ya seli hizo kuna molekuli iitwayo retinali, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A. Ikiwa gizani imejipinda. Ikipigwa na mwanga inanyooka. Kunyooka huko kunaamsha protini moja, nayo inaamsha nyingine nyingi, nazo zinaendelea kuamsha, hadi milango midogo kwenye ukuta wa seli inafungwa na umeme wa seli unabadilika. Faida ya mlolongo huo ni kukuza ishara: seli fimbo moja inaweza kuitikia fotoni moja tu, yaani kiasi kidogo kabisa cha mwanga kinachoweza kuwapo. Gharama yake ni muda. Kemia haiharakishwi, na hatua hizo peke yake hula makumi ya milisekunde. (Ni kemia hiyo hiyo inayofanya ukosefu wa vitamini A uanze kujionyesha kwa mtoto kushindwa kuona jioni. Matone wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kliniki yana kazi hiyo miongoni mwa nyingine.)

Retina haishii kupokea. Taarifa za seli hizo karibu milioni mia zinatakiwa kupita kwenye neva ya jicho yenye nyuzi milioni moja hivi. Haiwezekani kila seli ikawa na njia yake. Retina hukata na kuchagua kabla ya kutuma: inalinganisha seli na majirani zake, inapeleka tofauti, kingo, kilichosogea, kilichong'aa kuliko kilicho kando yake. Ukuta mweupe usio na doa hauna cha kuripotiwa sana. Kinachoondoka jichoni, kwa hiyo, si picha. Ni taarifa ya mabadiliko.

Mahali ambapo nyuzi hizo zinatokea nje ya jicho hapana seli hata moja ya kupokea mwanga, na unaweza kupaona pengo hilo mwenyewe. Funga jicho la kushoto. Nyosha mikono yote miwili mbele, vidole gumba vikiwa juu na vimegusana. Kaza jicho la kulia kwenye gumba la kushoto, usilihamishe, kisha usogeze mkono wa kulia polepole kuelekea kulia. Ukifika kama upana wa ngumi moja na nusu, ncha ya gumba la kulia inapotea. Hulioni doa jeusi wala tundu. Unaona ukuta au pazia lililo nyuma, limeendelea kana kwamba kidole hakipo. Pengo hilo umekuwa nalo tangu kuzaliwa, katika macho yote mawili, na ubongo umekuwa ukilijaza kwa kukisia kutokana na vilivyo pembeni.

Kisogoni, ambako taarifa za jicho hufikia kwanza kwenye gamba la ubongo, kazi inaendelea kwa vipande. Mwishoni mwa miaka ya 1950 David Hubel na Torsten Wiesel, wakiwa Marekani, walikuwa wakisikiliza umeme wa seli moja moja katika ubongo wa paka huku wakimwonyesha madoa kwa slaidi za kioo. Seli zilikuwa kimya. Kisha, walipokuwa wakiingiza slaidi kwenye mashine, seli moja ikaanza kurindima. Haikujali doa hata kidogo: ilichoitikia ni kivuli cha ukingo wa kioo, mstari ulioinama kwa pembe fulani. Kumbe seli hizo kila moja ina mwelekeo wake wa mstari inaoupenda. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Baada ya hapo mistari huunganishwa kuwa maumbo, maumbo kuwa nyuso, na mwendo na rangi vina maeneo yao yanayovishughulikia zaidi. Yote haya yanachukua muda. Taarifa ya kwanza kabisa hufika kisogoni baada ya milisekunde 50 hivi au zaidi, na uso wa mtu hutambuliwa baadaye.

Jaribio jingine, la kioo. Sogea karibu na kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja, ingawa aliye kando yako anayaona vizuri. Sasa fanya hivyo kwa kamera ya mbele ya simu: utayaona yakihama. Simu huchelewesha picha kidogo, kwa hiyo mwendo unaonyeshwa wakati jicho limeshatulia. Kwenye kioo huambulii kitu, maana kila jicho linaporuka, na huruka kama mara tatu kwa sekunde, ubongo hupunguza usikivu wake kwa kinachopita na kutuunganishia kilichokuwa kabla na kilichokuja baada. Sehemu nzuri ya siku yetu tuko hivyo, hatuoni, wala hatujui kwamba hatuoni.

Sikio halina subira

Sauti ni mabadiliko ya msukumo wa hewa. Hupiga kiwambo cha sikio, kikatikisika, na mtikisiko ukapita kwenye vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Hicho cha mwisho ni mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Vifupa hivyo vina kazi moja kubwa. Sikio la ndani limejaa majimaji, na sauti ikitoka hewani kuingia majini sehemu kubwa hurudishwa. Ndiyo maana ukizamisha kichwa baharini husikii vizuri waliobaki ufukweni. Kwa kuchukua msukumo wa kiwambo kipana na kuuelekeza kwenye kitundu kidogo, vifupa huukuza kama mara 20, ukatosha kuyatikisa majimaji.

Majimaji hayo yamo kwenye koklea, kijia kilichojiviringisha ambacho kikinyooshwa kina urefu wa milimita 35 hivi. Ndani yake umetandazwa utando unaobadilika unavyoendelea: mwanzoni ni mwembamba na mgumu, mwishoni ni mpana na laini. Georg von Békésy, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1961, aliuchunguza kwenye masikio ya maiti na kuona kwamba kila sauti hupiga wimbi linalofikia kilele mahali pake. Filimbi ya refa hutikisa sehemu za mwanzo. Ngoma nzito hutikisa karibu na mwisho. Kwa hiyo sikio huichambua sauti kabla ubongo haujaiona: mahali palipotikiswa ndipo panapotaja kama sauti ni nyembamba au nene. Masikio machanga husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na upande wa juu hupungua kadiri umri unavyokwenda.

Juu ya utando huo zimepangwa seli zenye vinyweleo. Zile zinazopeleka habari kwenye ubongo ni kama 3,500 tu kwa kila sikio. Linganisha na mamilioni ya jicho na unashangaa muziki wote, lugha zote na sauti za watu wote unaowafahamu vinapita katika mlango mdogo kiasi hicho. Ujanja wake ni kasi. Vinyweleo vimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba mno. Vikiinama, nyuzi zinavuta, mlango wa seli unafunguka hapo hapo na umeme unaingia. Hakuna mlolongo wa kemia katikati. Yote hufanyika chini ya milisekunde moja. Udhaifu wake nao uko hapo: ni kifaa cha kuvutwa, na kikivutwa kupita kiasi hukatika. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena, jambo ambalo wapiga muziki wa harusi zetu, na sisi tunaokaa meza ya karibu na spika huku tukicheka, tungefaa kulitilia maanani kuliko tunavyofanya.

Kasi hiyo hutumika pia kujua sauti inatoka wapi. Gari likipiga honi upande wako wa kulia, sauti hufika sikio la kulia kwanza na la kushoto baada ya muda usiozidi milisekunde 0.7. Kwenye shina la ubongo kuna seli zinazolinganisha masikio mawili, na mtu anaweza kutambua tofauti ndogo kama sehemu kumi za milioni moja ya sekunde, yaani mara 70 chini ya hiyo. Kwa sauti nyembamba ubongo hutegemea zaidi tofauti ya ukubwa, kwani kichwa huziba sehemu ya sauti isifike upande wa pili. Kujua kama sauti iko juu au chini ni kazi ya mikunjo ya sikio la nje.

Kasi ya sikio inaonekana wazi kwenye mbio fupi. Mtu akiambiwa abonyeze kitufe mara asikiapo mlio, huchukua takriban milisekunde 150. Akiambiwa asubiri taa, huchukua kama 190. Sheria za riadha za dunia zinahesabu kwamba mkimbiaji aliyeondoka kabla ya milisekunde 100 tangu mlio ametoroka, hata kama alisubiri mlio uanze, kwa kuwa haiaminiki kwamba ameusikia na kuuitikia ndani ya muda huo. Na kwa kuwa njia ya kwanza na ya nane zimeachana kwa zaidi ya mita nane, bastola ikipigwa upande mmoja wa uwanja aliye mbali angeisikia akiwa amechelewa milisekunde 25. Ndiyo sababu katika mashindano makubwa huwekwa spika nyuma ya kila mkimbiaji. Siku Mkenya Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Kasarani, Septemba 2021, rekodi ya Afrika aliyoivunja ilikuwa 9.84. Katika mchezo wa namna hiyo milisekunde 25 si kitu cha kuachia.

Dirisha la kusubiriana

Tumeshapata picha ya tatizo. Sauti iliyofika sikioni huwa kwenye gamba la ubongo baada ya milisekunde 10 hadi 20, taarifa ya jicho baada ya 50 au zaidi. Mwenzako akiwa mita moja mbele yako, sauti yake inaingia kwanza ndani ya ubongo. Akiwa mita 40, picha yake inaingia kwanza. Kuna umbali wa katikati, kati ya mita 10 na 15 hivi, ambapo ucheleweshaji wa hewa na ucheleweshaji wa jicho hufutana, na ishara mbili zikafika ubongoni pamoja. Mahali pengine pote hazifiki pamoja.

Ubongo hautumii saa moja kali kuamua kipi kimekwenda na kipi. Unafanya kama kamati ya harusi: kikao ni saa kumi, lakini wajumbe wakiingia saa kumi na robo au na nusu wote wameandikwa kuwa waliwahi, na anayekuja saa moja usiku ndiye anayeambiwa kachelewa. Sauti na picha zikifika ndani ya dirisha fulani, zikiwa zimetoka upande mmoja na zinaendana, zinahesabiwa kuwa tukio moja. Zikizidi hapo, tunaona mambo mawili: nyundo, kisha mlio.

Ukubwa wa dirisha hilo wahandisi wa televisheni wanaujua kwa vitendo, maana malalamiko ya watazamaji huwafikia wao. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika mapendekezo yake ya mwaka 1998, liliweka kwamba mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa 125. Angalia namba hizo hazilingani. Tunavumilia sauti iliyochelewa karibu mara tatu ya iliyotangulia, nami naliona hili kuwa ushahidi mzuri kuliko yote kwamba dirisha hilo limejengwa na maisha: katika dunia ya kawaida sauti huweza kuchelewa nyuma ya picha kwa sababu ya umbali, lakini hakuna umbali utakaoifanya itangulie. Tamthilia ambayo maneno yanatoka kabla midomo haijafunguka inaudhi haraka sana. Ile ambayo maneno yanaburuta kidogo unaizoea.

Na kuzoea huko ni kwa kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliwapa watu mwako wa taa na mlio vilivyoachana kwa muda ule ule, tena na tena kwa dakika chache. Baada ya hapo waliulizwa lini taa na mlio vilikwenda sawa, na majibu yao yalikuwa yamesogea kuelekea kwenye ucheleweshaji waliouzoea. Dirisha lilikuwa limehamishwa.

Nani aaminiwe

Ndani ya kibanda umiza, skrini iko mbele na spika mara nyingi ziko pembeni, au moja tu imening'inizwa juu ya mlango. Bado kocha akihojiwa, sauti unaisikia ikitoka mdomoni mwake. Masikio yako yana uwezo wa kupima sehemu kumi za milioni moja ya sekunde na yanajua kabisa spika iko wapi. Yamepingwa na jicho na yameshindwa. Wale wasanii wanaozungumza bila kutikisa midomo huku wakichezesha mwanasesere wamekuwa wakila kwa jambo hili miaka na miaka.

Je, jicho ndilo bwana? Kwa muda mrefu ilidhaniwa hivyo. Mwaka 2004 David Alais na David Burr walifanya jambo dogo lililobadilisha maelezo: waliififisha picha. Walionyesha doa la mwanga pamoja na mlio mfupi kutoka mahali tofauti kidogo. Doa lilipokuwa kali, watu walidhani mlio umetoka kwenye doa. Lilipofifishwa sana, mambo yaligeuka: doa ndilo lililoonekana kuvutwa na mlio. Lilipokuwa la wastani, jibu lilikaa katikati. Hakuna bwana. Ubongo hupima kila shahidi kwa jinsi anavyoaminika katika suala hilo, kisha unawapa uzito kwa kadiri hiyo. Katika kujua mahali, jicho kwa kawaida ni sahihi zaidi. Katika kujua wakati, sikio ndilo sahihi, na hapo linaweza kulishinda jicho: mwaka 2000 Ladan Shams na wenzake walionyesha kwamba mwako mmoja wa taa ukiambatana na milio miwili ya haraka, watu huona miako miwili. Hawadhani wala hawakisii. Wanaiona.

Kwenye maneno ndipo panapovutia zaidi. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald, wa Chuo Kikuu cha Surrey huko Uingereza, walichapisha jaribio ambalo mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kulielewa bila taabu. Sauti iliyorekodiwa ilitamka *baba*. Uso kwenye skrini ulikuwa wa mtu anayetamka *gaga*. Karibu watu wazima wote walisikia *dada*. Wakifumba macho, *baba*. Wakifumbua, *dada* tena.

Maelezo yake yamo kinywani mwako mwenyewe. Huwezi kutamka *b* bila kufunga midomo, na jicho halikuiona midomo ikifungwa, kwa hiyo *b* imekataliwa. Sikio nalo halikusikia *g*, inayotamkiwa nyuma kabisa. Iliyobaki ni sauti inayoweza kuelezea ushahidi wote bila kumkana shahidi yeyote, nayo ni *d*, ambayo ncha ya ulimi huitamkia nyuma ya meno na midomo ikiwa wazi. Cha kutisha kidogo ni kwamba kuujua mchezo hakusaidii. Waliolisoma jaribio hilo kwa miaka bado wanasikia *dada*. Hata hivyo si kila mtu hunaswa kwa kiwango kimoja, na wazungumzaji wa Kijapani walionyesha athari ndogo kuliko Wamarekani, pengine kwa sababu utamaduni na lugha vinabadilisha kiasi tunachoutazama mdomo wa anayeongea.

Tunavyotegemea midomo hatukujua hadi tulipovaa barakoa wakati wa korona na tukajikuta tunauliza "umesemaje?" benki na dukani. Utafiti wa William Sumby na Irwin Pollack ulikuwa umeshalisema mwaka 1954: penye kelele nyingi, kuuona uso wa msemaji kunasaidia sawa na kuongeza sauti yake kwa desibeli 15 hivi. Kwa mtu aliyesimama stendi ya mabasi huo ni msaada mkubwa kuliko anavyodhani.

Nina swali langu dogo hapa, ambalo nadhani jibu lake limo katika haya yote. Tamthilia za Kituruki na Kihindi zilizowekewa sauti za Kiswahili huchosha mwanzoni. Midomo inasema lake, maneno lake. Lakini filamu inayosimuliwa na DJ, au VJ kama wanavyomwita Uganda, ambaye anaongea juu ya kila mhusika, mwanamume, mwanamke na hata bunduki, kwa sauti ile ile moja, haimchoshi mtazamaji hata kidogo. Nionavyo, sauti ya DJ haijaribu kuwa ya midomo ile. Ubongo hauipokei kama dai la kuwa tukio moja, hivyo hakuna mgogoro wa kusuluhisha. Sauti iliyokaribia kulingana ndiyo inayosumbua, kwa sababu imeingia dirishani na huku ushahidi mwingine unaikana.

Kinachofundishwa na kinachopitwa na wakati

Patano hili la jicho na sikio hatuzaliwi nalo likiwa kamili. Mtoto hulijifunza kwa kuona na kusikia pamoja maelfu ya mara, na ubongo huwa laini zaidi kwa kazi hiyo katika miaka ya mwanzo. Ushahidi mzuri unatoka kwa watoto waliozaliwa viziwi kisha wakapandikiziwa koklea, tiba ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa nchini Tanzania mwaka 2017. Kifaa hicho hunasa sauti kwa maikrofoni, huigawa, na kuipeleka kwa umeme moja kwa moja kwenye neva ya sikio kupitia elektrodi 12 hadi 22 zilizoingizwa ndani ya koklea. Elektrodi ishirini mahali pa seli 3,500. Taarifa inayofika ni chakavu mno, na watu wazima waliokuwa wanasikia zamani husema siku za kwanza maneno ni kama milio ya mashine. Baada ya miezi ya mazoezi wengi wao huzungumza kwa simu.

Watafiti huko Marekani waliwapa watoto waliopandikizwa jaribio la McGurk na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Waliopandikizwa kabla ya kutimiza miaka miwili na nusu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuchanganya midomo na sauti kama watoto wengine wanavyofanya. Waliopandikizwa baada ya hapo kifaa kilikuwa kile kile, na wengi walisikia maneno vizuri yalipokuja peke yake, lakini midomo na sauti vilipogongana walifuata midomo. Ubongo wao ulikuwa umekwisha kuamua, katika ile miaka ya kimya, nani wa kumwamini.

Hii ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka watoto wapimwe usikivu wakiwa bado wachanga, kabla mtu hajaanza kujiuliza kwa nini mtoto haongei. Kipimo cha kwanza huchukua dakika chache na msingi wake uligunduliwa na David Kemp, London, mwaka 1978: sikio lenye afya likichochewa kwa mlio, lenyewe hutoa mlio hafifu kutoka ndani ya koklea, unaoweza kunaswa kwa maikrofoni ndogo mlangoni mwa sikio. Mlio huo ukikosekana, mara nyingi hurudiwa kwanza, kwani uchafu au majimaji sikioni huweza kuuficha. Ukikosekana tena, mtoto huwekewa vibandiko kichwani kupimwa kama umeme wa shina la ubongo unaitikia sauti.